Bei ya Maziwa Inaposhuka: Mwongozo kwa Wafugaji na Viongozi wa Ushirika

Januari 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliiagiza Hazina ya Taifa itoe Sh500 milioni kwa kampuni ya umma ya New KCC ili inunue maziwa ya ziada kwa Sh33 kwa lita na kuyageuza kuwa unga. Wakati huo wafugaji wa sehemu kadhaa walikuwa wakilipwa chini ya Sh20. Agizo hilo liliambatana na Sh575 milioni za kuongeza uwezo wa viwanda vya Nyeri na Nyahururu, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa bidhaa za maziwa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tangazo la namna hiyo hupokewa vijijini kama ahadi kwa kila mwenye ng'ombe. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha mipaka yake. Sh500 milioni zikigawanywa kwa Sh33 hununua lita milioni 15 na ushei, na hapo hakuna hata senti iliyotengwa kwa usafiri, umeme au kukausha unga. Kenya huzalisha zaidi ya lita bilioni 4 za maziwa kwa mwaka. Fungu zima la dharura, kwa hiyo, halikufikia nusu ya asilimia moja ya maziwa ya nchi. Ni sawa kuuliza kama fedha hizo zilitosha. Mfugaji, hata hivyo, ana swali la karibu zaidi: lita hizo milioni 15 zilikuwa za nani?

Zilikuwa za wale ambao maziwa yao tayari yalikuwa na njia ya kufika kiwandani: wanachama wa vyama vya ushirika vinavyopeleka New KCC, wenye namba ya uanachama, kituo cha kupoza na kumbukumbu za mapokezi. Aliyekuwa akimuuzia mchuuzi wa pikipiki langoni kwake hakuwa na mlango wa kuingilia, hata kama ng'ombe wake walikuwa bora kuliko wa jirani. Kanuni ya kwanza ya mwongozo huu inatoka hapo. Msaada wa serikali hufuata maziwa yaliyoandikwa. Maandalizi ya kuupata hufanywa miezi mingi kabla bei haijaanguka.

Chanzo cha anguko lenyewe kinafaa kueleweka, kwa sababu kila chanzo kina dawa yake na msaada usiolenga chanzo huisha bila kuacha kitu. Kenya, sehemu kubwa ya maziwa hutoka kwa wafugaji wadogo wanaotegemea majani ya mvua. Masika yakinyesha vizuri, majani ya napia hushamiri kila shamba kwa wakati mmoja na kila kiwele hujaa kwa wakati mmoja, huku idadi ya wanywaji ikibaki ileile. Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa kubwa kupita kawaida, na ndizo zilizojaza matangi mwanzoni mwa 2020. Machi mwaka huohuo shule na hoteli zilifungwa kwa sababu ya korona, na soko likapungua kwa upande wa pili. Hapo mvua na janga vilikutana.

Sababu nyingine ni biashara ya kikanda. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki maziwa hupita mipakani bila ushuru wa forodha, ilhali maziwa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 60 kama bidhaa nyeti. Maziwa ya Uganda, ambako gharama ya malisho ni nafuu, huingia Kenya kwa haki kamili ya mkataba. Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilisimamisha uagizaji wa maziwa ya unga kwa kutarajia wingi wa maziwa wakati wa masika, na wafanyabiashara wa Uganda wakalalamika mara moja. Kiongozi wa ushirika anayewaambia wanachama kwamba serikali itafunga mpaka anawaahidi jambo ambalo serikali yenyewe haiwezi kulitimiza kwa muda mrefu bila kuvunja mkataba iliouwekea sahihi. Ni afadhali kusema kweli mapema.

Kwa ujumla serikali huwa na njia chache za kusaidia. Hununua maziwa ya ziada na kuyahifadhi kama unga. Huongeza kodi au masharti kwa bidhaa za nje. Hupunguza gharama za uzalishaji, kwa mfano kupitia kodi ya vyakula vya mifugo. Hujenga miundombinu, hasa matangi ya kupoza maziwa vijijini. Ya tano, ambayo siku hizi haitajwi sana, ni kukuza unywaji. Mpango wa maziwa ya shule uliotangazwa na Rais Daniel arap Moi mwaka 1979, uliojulikana kama Maziwa ya Nyayo, ulimaliza maziwa kwa kuyanywa, na wengi waliosoma wakati ule hadi leo wanazikumbuka pakiti zake za pembe tatu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo iliyokuwa njia bora kuliko zote, kwa kuwa pakiti iliyonyweka haidai bohari wala haitarudi sokoni kushindana na maziwa ya mwaka unaofuata.

Unga hurudi. Kilo moja ya unga wa maziwa yenye mafuta yote huhitaji takriban lita 8 za maziwa, na shehena iliyowekwa bohari leo lazima iuzwe siku moja. Ulaya ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Umoja wa Ulaya uliweka mgao wa uzalishaji mwaka 1984 na kuuondoa mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya Urusi kuzuia vyakula vya Ulaya. Bei ilianguka, Umoja ukanunua unga hadi akiba ikapita tani 350,000, na kwa muda mrefu akiba hiyo ikaendelea kulikandamiza soko lilelile lililokusudiwa kuokolewa. Mwaka 2016 ukabadili mkondo: ukatenga euro milioni 150 kuwalipa wafugaji waliokubali kupunguza maziwa, senti 14 za euro kwa kila kilo iliyopunguzwa. Sharti lake linahusu moja kwa moja mada ya mwongozo huu. Mfugaji alitakiwa kuthibitisha kiasi alichopeleka kiwandani katika miezi mitatu ya mwaka uliotangulia. Asiye na kumbukumbu hizo hakuwa na cha kupunguza machoni pa sheria. Marekani nayo, kwa sheria ya kilimo ya 2018, hulipa fidia pale tofauti kati ya bei ya maziwa na gharama ya chakula inaposhuka chini ya kiwango alichochagua mfugaji. Lakini hulipa aliyejisajili kabla, kwa kuzingatia historia ya uzalishaji wake. Mabara mawili, mifumo miwili isiyofanana, na sharti moja.

Kenya inaelekea hukohuko. Usajili wa kitaifa wa wakulima ndio uliotumika kugawa mbolea ya ruzuku, na hakuna sababu ya kudhani kwamba msaada wa maziwa wa siku zijazo utafuata orodha nyingine isiyo na majina. Mfugaji ambaye hajasajiliwa, au aliyesajiliwa kama mkulima wa mahindi pekee bila kutaja ng'ombe wake, anapaswa kurekebisha taarifa zake kwa afisa wa kilimo wa wadi yake wakati hakuna foleni.

Kumbukumbu zinazohitajika ni chache, ila lazima ziwe za kila siku. Ya kwanza ni kitabu cha maziwa. Alfajiri, kwenye kituo cha kukusanya, karani hufungua mtungi, hunusa, hukoroga, hujaza maziwa kwenye chombo kirefu na kutumbukiza laktomita. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe kinataka uzito wa gramu 1.028 hadi 1.036 kwa mililita. Kwa lugha ya karani, 28 kwenda juu. Laktomita ikizama hadi 25, maji yanashukiwa. Kisha mtungi hupimwa kwenye mizani na kilo huandikwa mara mbili: kwenye daftari la kituo na kwenye kitabu cha mfugaji. Wengi humtuma mtoto au kijana wa kazi na mtungi, na kitabu hubaki nyumbani. Mwisho wa mwezi, ukitokea mgogoro wa kilo, daftari la kituo huwa shahidi pekee, na shahidi huyo ameajiriwa na upande mmoja. Kitabu kiende na mtungi kila asubuhi.

Kumbukumbu ya pili ni stakabadhi ya malipo ya kila mwezi, itunzwe kwa miaka isiyopungua mitatu. Ya tatu ni daftari la zizi: tarehe ya kuzaa, kupandishwa, matibabu na dawa zilizotumika. Daftari hili ndilo linalomlinda mfugaji anapotuhumiwa kupeleka maziwa yenye mabaki ya dawa, na ndilo linalomzuia kupeleka maziwa hayo kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kumalizika. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele asubuhi bado hukamuliwa jioni, na ni hapo uaminifu hupimwa pasipo mtu kuona. Maziwa ya mtungi mmoja huchanganywa na ya wafugaji mia kwenye tangi moja. Yakigundulika mabaki ya dawa kiwandani, tangi zima hukataliwa na mia wote hukosa malipo ya siku hiyo.

Ubora huhesabiwa kwa ukali zaidi wakati wa wingi. Kiwanda chenye uhaba wa maziwa huvumilia. Kiwanda kilichofurika hutafuta sababu ya kukataa, na kila kasoro hugeuka sababu. Hilo halipendezi, lakini linatabirika. Kwa hiyo, miezi ya mvua ndiyo miezi ya kuosha mitungi kwa maji ya moto, kutumia mitungi ya alumini badala ya madumu ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kupikia, na kuhakikisha maziwa yanafika kwenye tangi la kupoza ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa. Hatari ya kuvu katika chakula cha mifugo nayo hupanda mvua zinapozidi: mahindi yaliyooza ambayo familia imeyakataa hupewa ng'ombe, na sumu yake hupita ndani ya maziwa. Mahindi hayo yatupwe. Hakuna bei ya maziwa inayohalalisha kuwalisha watoto wa watu wengine sumu.

Linafuata suala la uaminifu kwa ushirika, ambalo viongozi hulizungumzia kwa jazba na wanachama hulisikia kwa mashaka. Wakati wa kiangazi mchuuzi hulipa zaidi ya ushirika na hulipa taslimu. Mwanachama humuuzia mchuuzi maziwa ya asubuhi na kuupelekea ushirika ya jioni, au asiupelekee kabisa. Mvua zinaponyesha mchuuzi huonekana kwa nadra, na mwanachama hurudi na mitungi mitatu. Kisheria na kibinadamu ana haki ya kutafuta bei bora, na chama kinacholipa baada ya siku 60 hakina mamlaka ya kimaadili ya kumlaumu. Hata hivyo ushirika hupanga mkataba wake na kiwanda kwa wastani wa mwaka mzima. Kiwanda kinapoweka mgao wakati wa wingi, mgao huo hukokotolewa kutokana na kiasi kilichopelekwa wakati wa uhaba. Ni haki, basi, chama kikiweka kanuni kwamba mwanachama aliyepeleka maziwa kiangazi chote ndiye wa kwanza kupokelewa wakati wa mgao. Kanuni hiyo lazima ipitishwe katika mkutano mkuu na kuandikwa, kwa sababu ikibaki mdomoni mwa mwenyekiti itageuka kuwa upendeleo.

Tangazo la bei likitoka, kazi ya kwanza ni kulisoma kwa utulivu. Bei iliyotajwa ni ya wapi: zizini, kwenye tangi la ushirika, au mlangoni mwa kiwanda? Ni ya maziwa yaliyopozwa au ya vuguvugu? Inaanza tarehe gani na inaisha lini? Inamhusu mnunuzi gani? Machi 2024 bei ya New KCC ilipandishwa kutoka Sh45 hadi Sh50 kwa lita kwa agizo la Rais William Ruto, na bei hiyo ilikuwa ya New KCC. Kampuni binafsi hazifungwi na tangazo la kampuni ya umma, ingawa soko huweza kuzisukuma kulifuata.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfugaji anapeleka lita 12 kwa siku, yaani lita 360 kwa mwezi wa siku 30. Bei iliyotangazwa ni Sh33, hivyo stahiki yake ni Sh11,880. Chama hukata Sh3 kwa lita za usafiri na Sh2 za kupoza na uendeshaji, jumla Sh1,800. Zinabaki Sh10,080, sawa na Sh28 kwa lita. Kama alichukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo katika duka la chama cha Sh5,600, anapokea Sh4,480. Ukimuuliza atasema analipwa vibaya, na ukikiuliza chama, kitasema kinalipa Sh33. Wote wawili wanasema kweli. Stakabadhi nzuri ni ile inayoonyesha kila kato kwa jina lake, kwa mstari wake, ili hasira ya mfugaji ielekee mahali inapostahili.

Mfano huohuo unafundisha kuhusu chakula. Kilo moja ya chakula cha viwandani, kwa ng'ombe mzuri aliye katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa, huweza kuongeza takriban lita moja na nusu ya maziwa. Ikiwa kilo ni Sh40 na lita inafika mfukoni kwa Sh45, nyongeza hiyo huleta Sh67.50, na faida ipo wazi. Lita ikifika kwa Sh28, nyongeza huleta Sh42, na faida ni Sh2. Ikishuka hadi Sh20, kila kilo ni hasara ya Sh10. Watu wengi huchukulia kwamba bei ikishuka lazima waongeze maziwa ili kufidia kipato. Hesabu inasema kinyume, na maziwa hayo ya ziada hurudi kushusha bei zaidi. Uamuzi sahihi ni kumpa chakula ng'ombe aliyezaa karibuni, ambaye mwili wake bado unajibu, na kumpunguzia yule wa mwisho wa kukamuliwa au kumkausha mapema. Ng'ombe wa tatu, yule asiyeshika mimba baada ya kupandishwa mara kadhaa, huuzwa. Kinachofaa kulindwa ni chanjo, dawa za kupe na chumvi, kwa kuwa kuokoa hapo hulipwa mara mbili miezi sita baadaye.

Miezi ya wingi ndiyo pia miezi ya kuhifadhi malisho. Napia na mahindi machanga yakikatwakatwa, kushindiliwa na kufunikwa pasipo hewa hutoa saileji inayomfikisha ng'ombe hadi kiangazi. Mfugaji mwenye saileji huuza maziwa mengi wakati bei iko juu, na mwaka wake husawazika bila tangazo lolote la serikali. Kama serikali ya kaunti ingeuliza fedha zake za maziwa ziende wapi, jibu la mwandishi huyu lingekuwa mashine za kukata majani na mafunzo ya saileji kabla ya tangi jipya la kupoza. Matangi mengi hununuliwa kwa sababu hufunguliwa kwa utepe; saileji haina utepe.

Kilimo na ufugaji ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, ilhali sera ya taifa, mipaka na New KCC viko kwa serikali kuu. Mgawanyo huu huwachanganya wengi, na maombi mengi hukwama kwa kupelekwa ofisi isiyohusika. Ombi la tangi, afisa wa ugani au barabara ya kituo liende kaunti. Malalamiko juu ya leseni, ubora na maziwa ya nje yaende Bodi ya Maziwa ya Kenya, iliyoundwa chini ya Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura ya 336. Deni la New KCC lidaiwe New KCC, kwa maandishi, likiwa na orodha ya tarehe na kilo.

Haki za mfugaji hapa ni nyingi kuliko anavyodhani. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, inampa kila mwanachama kura moja bila kujali idadi ya ng'ombe wake, pamoja na haki ya kuhudhuria mikutano na kuona hesabu zilizokaguliwa. Mgogoro kati ya mwanachama na chama hupelekwa kwenye Baraza la Ushirika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuuliza taasisi ya umma, New KCC ikiwemo, fedha za dharura zilinunua maziwa ya nani, kiasi gani na kwa bei gani, na taasisi inatakiwa kutoa uamuzi kuhusu ombi hilo ndani ya siku 21. Asiporidhika, hukata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya ukurasa mmoja yatosha, na haihitaji wakili.

Kwa mnunuzi binafsi, Sheria ya Ushindani imetaja matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi: kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kusitisha mkataba ghafla bila taarifa, au kumhamishia muuzaji gharama zilizopaswa kubebwa na mnunuzi. Mfano wa wazi ni kiwanda kinachokataa maziwa ya chama siku tatu mfululizo bila cheti cha maabara, kisha kuyanunua siku ya nne kwa nusu bei. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, lakini Mamlaka itaomba mkataba na barua. Chama kinachouza maziwa ya mamilioni kwa makubaliano ya simu kimejinyima ulinzi huo chenyewe. Wajibu wa kamati ni kupata mkataba wa maandishi unaotaja bei au namna ya kuipata, siku za malipo, utaratibu wa kukataa maziwa na nani anabaki na sampuli ya pili kwa uchunguzi upya.

Viongozi wa vyama wanastahili aya yao wenyewe, kwa kuwa fedha za dharura huleta majaribu ya dharura. Mara tu bei ya msaada inapopanda juu ya bei ya soko, maziwa ya wasio wanachama huanza kutafuta namba za wanachama. Mjumbe wa kamati mwenye lori hukusanya maziwa ya wachuuzi kwa bei ya chini na kuyaingiza kwa jina la shemeji yake. Karani huombwa asipime. Njia ya kuzuia ni rahisi na haigharimu kitu: chama kibandike ukutani, kila wiki, kilo zilizopokelewa kwa kila namba ya uanachama. Mwenye ng'ombe mmoja aliyeandikwa kilo 200 kwa siku atajulikana kabla mkaguzi hajafika. Mjumbe yeyote anayemiliki gari, duka la chakula cha mifugo au kampuni inayofanya biashara na chama atangaze maslahi yake na atoke nje uamuzi unapofanywa, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Malipo ya msaada yafikishwe kwa wanachama yakiwa kamili. Kato lolote jipya lipitishwe na mkutano, kwani kukata ada ya kuwahangaikia bila idhini ni kuchukua fedha zisizo za chama.

Kumbukumbu ya KCC ya zamani inafaa kukaa karibu. Kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1925 iliwahi kuwa na karibu soko lote la maziwa yaliyosindikwa. Soko likafunguliwa mwaka 1992, na kabla ya muongo kwisha ilikuwa imeanguka ikiacha wafugaji na madeni yasiyolipwa. Serikali iliifufua kama New KCC mwaka 2003. Wafugaji waliokuwa na mnunuzi mmoja tu waliumia kuliko waliokuwa na wawili. Chama chenye busara hugawa maziwa yake kati ya wanunuzi, hata kama mmoja analipa shilingi moja pungufu, na kinapoweza husindika sehemu yake chenyewe. Wafugaji wa Githunguri, Kaunti ya Kiambu, walioanzisha ushirika wao mwaka 1961, leo wana kiwanda chao na maziwa yao yapo dukani kwa jina la Fresha. Njia hiyo huchukua miongo na mikopo mikubwa. Isichukuliwe kama suluhisho la msimu mmoja, wala isianzwe mwaka ambao bei imeanguka na benki zinaogopa.

Kuhusu mikopo, anayedaiwa na chama cha akiba na mikopo au benki afike ofisini kabla ya kukosa malipo ya kwanza, akiwa na stakabadhi za miezi sita. Mkopeshaji huweza kurefusha muda kwa mtu mwenye historia. Kwa aliyekwisha kukimbia simu, huanza kutafuta dhamana. Ng'ombe aliyewekwa rehani asiuzwe kimyakimya, kwa sababu hilo huhamisha tatizo la bei na kuligeuza kosa la jinai.

Kwa vyama vinavyotaka kuwa tayari kwa anguko lijalo, kalenda yake inajulikana. Desemba na Januari, hakiki orodha ya wanachama na namba zao za kitambulisho na simu. Februari, kabla ya masika, mwandikie mnunuzi ukimjulisha makadirio ya maziwa ya miezi ya mvua na uombe jibu la maandishi kuhusu kiasi atakachopokea. Nakala iende kwa afisa wa ushirika wa kaunti na kwa Bodi ya Maziwa. Barua hiyo ikijibiwa, chama kina mpango. Isipojibiwa, chama kina ushahidi wa tarehe, na kina wiki sita za kutafuta mnunuzi mwingine kabla matangi hayajajaa.